Misuli, sukari na kumbukumbu: umetaboli unahusu nini hasa?

Ukiwa kwenye magrupu mawili matatu ya WhatsApp hapa Dodoma, la ukoo, la kikoba na la jogingi, hukosi kupokea sauti iliyorekodiwa inayosema Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaoleta usahaulifu, ni "kisukari cha ubongo". Chini yake atakuja wa pili na lake: ukifikisha miaka 30 umetaboli unalala, ndiyo maana kitambi hakiishi. Wa tatu atakushauri ukimbie umevaa koti la mvua ili mafuta yayeyuke. Wa nne, muuza unga wa kupunguza tumbo, ataweka namba ya simu.

Mkanganyiko huu una chanzo chake. Watafiti wa mazoezi kweli wameanza kuuliza maswali ya ubongo, na wa ubongo wameanza kuulizia misuli. Majibu yao hutufikia vipande vipande, na kila kipande kimeshapita mikono mingi kabla ya kufika kwenye simu yako.

Tuanze na maana ya maneno matatu. Umetaboli ni jumla ya kazi zote za kikemia zinazofanywa na seli za mwili ili kugeuza chakula kuwa nguvu, na kuitumia nguvu hiyo kujenga na kukarabati. Kidonda kinapofunga, huo ni umetaboli. Kucha ikikua, ni huohuo. Unapumua usingizini, bado ni huohuo. Kukonda na kunenepa ni tokeo mojawapo, tena si lile linalomkosesha mtafiti usingizi.

Fiziolojia ya mazoezi ni tawi la sayansi linalochunguza mwili unafanya nini pale unapotumikishwa. Kazi yenyewe ukiiona haina makuu. Mtu anapandishwa kwenye mashine ya kukimbilia, anavishwa barakoa yenye bomba, na kompyuta inapima oksijeni anayovuta na kaboni dioksaidi anayotoa. Kaboni dioksaidi ikitoka sawa na oksijeni iliyoingia, ujue mwili unaunguza wanga. Ikitoka kwa kiasi cha saba kwa kumi, unaunguza mafuta. Wengi wetu tupo katikati, na tunahama huku na huko kadiri mwendo unavyozidi. Kila baada ya muda mtu anachomwa ncha ya kidole, tone la damu linapimwa. Siku hizi, akishashuka kwenye mashine na jasho lake, anaweza kuombwa akumbuke orodha ya maneno, au achore uso wa saa na kuweka mishale saa tano na dakika kumi.

Neno la mwisho ni demensia. Hili ni jina la jumla la hali ambapo uwezo wa akili unashuka hadi mtu anashindwa shughuli zake za kila siku: kuhesabu chenji, kufuata njia ya kurudi nyumbani, kumtambua mwanawe. Alzheimer ni ugonjwa mmojawapo unaoleta hali hiyo, na ndio unaoongoza. Daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliueleza mwaka 1906. Aina nyingine husababishwa na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, na si ajabu mzee mmoja kuwa na vyote viwili.

Sasa turudi kwenye sukari. Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini mtu akiwa ametulia unatumia karibu asilimia 20 ya nguvu yote. Kwa siku nzima unahitaji glukosi, yaani sukari ya kwenye damu, inayozidi gramu 100, na akiba yake yenyewe ni ndogo mno. Hutegemea damu iulete mzigo muda wote. Hapo ndipo ulipozaliwa ule ushauri kwamba mwanafunzi anayejiandaa na mtihani anywe soda ili "akili ichaji". Ukweli ni kwamba kufikiri kwa bidii hakuongezi matumizi ya ubongo kwa kiasi cha maana, na ini lina akiba ya sukari ya saa nyingi. Ikipungua, ini hutengeneza nishati mbadala kutokana na mafuta, ndiyo maana aliyefunga Ramadhani hapotezi fahamu ifikapo saa kumi jioni. Yule kijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anayebugia kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu usiku wa manane anaamshwa na kafeini. Sukari anaipokea ya nyongeza.

Kazi ya kutawala sukari hiyo haifanywi na ubongo. Hufanywa zaidi na misuli, na hapa naomba nitumie jambo ambalo mkazi yeyote wa Dodoma halihitaji kufundishwa: mgao wa maji. Maji yakitoka usiku, nyumba yenye tenki kubwa lililotumika mchana kutwa hupokea yote bila tabu. Nyumba ambayo tenki lake limejaa tangu juzi, boya limeshapanda na kuziba, hata bomba lingefunguliwa namna gani hayaingii. Sukari baada ya mlo ndiyo hayo maji. Misuli ndiyo tenki, kwa kuwa sehemu kubwa ya sukari inayoondolewa kwenye damu kwa amri ya insulini huingia humo. Na insulini, homoni inayotoka kwenye kongosho, ndiyo inayofungua koki.

Mtu anayekaa kuanzia asubuhi hadi jioni hatumii akiba iliyomo kwenye misuli yake. Anakula ugali mchana, tenki limejaa. Anakula wali usiku, bado limejaa. Kongosho linaongeza insulini, koki inafunguka kwa shida. Kesho linaongeza tena. Hali hii ya misuli kutoitii insulini huitwa ukinzani wa insulini, na inaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili yoyote kabla kipimo hakijasema una kisukari. Sukari iliyokosa pa kwenda inageuzwa mafuta, mengine yanaganda kwenye ini. Inayobaki ikizunguka kwenye damu inaharibu mishipa midogo: ya macho, ya figo, ya miguu. Ya ubongo pia, ingawa hiyo watu huisahau kwa sababu haiumi.

Jambo lililowafurahisha watafiti, na linalonifurahisha hata mimi kila nikilisoma, ni kwamba msuli unaojikunja una koki ya pili. Ukitembea, ukipanda ngazi au ukitwanga, msuli unavuta sukari bila kuisubiri insulini, na ukishapumzika unabaki ukiitii insulini vizuri zaidi kwa saa nyingi, wakati mwingine hadi kesho yake au keshokutwa. Kwa hiyo mtu ambaye insulini yake imechoka bado ana njia. Wala si lazima akonde ili njia hiyo ifunguke.

Hapo tunaweza kuihukumu ile sauti ya "kisukari cha ubongo". Maneno "kisukari aina ya 3" yalianza kutumiwa mwaka 2005 na Suzanne de la Monte wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani. Yeye na wenzake walichunguza bongo za watu waliofariki wakiwa na Alzheimer wakakuta dalili kwamba mawasiliano ya insulini ndani yake yamedhoofika. Ni ugunduzi wa kuheshimiwa. Lakini Alzheimer haimo kwenye orodha ya aina za kisukari ya Shirika la Afya Duniani, na hakuna kliniki itakayokupima ikakuambia una aina hiyo. Ubongo wenyewe unapokea sukari yake nyingi bila kuingojea insulini. Insulini ikifika kule ina kazi nyingine, ikiwemo kusaidia seli za neva kuwasiliana katika sehemu za kumbukumbu. Wapo wengi wenye Alzheimer ambao hawajawahi kuwa na sukari, na wapo wenye sukari waliozeeka na akili zao timamu.

Lililothibitika ni dogo kidogo kuliko hilo, lakini bado ni zito: mwenye kisukari cha aina ya 2 ana uwezekano wa kupata demensia unaozidi wa mwenzake kwa takriban nusu au zaidi, na sehemu kubwa ya madhara hupitia kwenye mishipa ya damu. Haya ni magonjwa yenye undugu. Kuyaita kitu kimoja, kwa maoni yangu, kumeleta hasara, maana mwenye sukari anasikia amehukumiwa kuwa punguani, na asiye na sukari anajiona yuko salama.

Undugu wa misuli na ubongo hauishii kwenye sukari. Kwa miongo mingi vitabu vilifundisha kwamba lakteti, ile iliyozoeleka kuitwa asidi ya lakiti, ni taka inayobaki msuli unapoishiwa oksijeni, na kwamba ndiyo inayokufanya uchechemee kesho yake. George Brooks wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, amekuwa akilipinga hilo tangu miaka ya 1980. Alionyesha kwamba lakteti ni nishati inayosafiri: msuli mmoja unaitengeneza, mwingine unaitumia, moyo unaitumia, na ubongo nao huichukua hasa unapokuwa kwenye mazoezi makali. Maumivu ya kesho yake yanatokana na michubuko midogo kwenye nyuzi za misuli. Wakati huo lakteti imeshaondoka kwenye damu, tena ndani ya saa moja au mbili tu baada ya kupumzika.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Bente Klarlund Pedersen wa Copenhagen, Denmark, na wenzake walionyesha kwamba msuli unaofanya kazi unamwaga kwenye damu kemikali za kutuma ujumbe kwa viungo vingine. Mazoezi pia huongeza protini iitwayo BDNF, inayosaidia seli za neva kuishi na kuunganika. Halafu mwaka 2011 ikatoka kazi iliyonukuliwa kila mahali. Kirk Erickson na wenzake wa Marekani waliwachukua wazee 120 wasio na demensia, nusu wakatembea kwa kasi dakika 40 mara tatu kwa wiki, nusu wakafanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu. Baada ya mwaka, hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kutunza kumbukumbu mpya, iliongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 2 kwa waliotembea. Kwa wenzao ilisinyaa kwa kiasi cha asilimia 1.4.

Ningeweza kuishia hapo na kila mtu akafurahi, muuza unga akiwemo. Lakini mwaka 2018 Uingereza ilitoa majibu ya utafiti mkubwa uliowashirikisha watu karibu 500 ambao tayari walikuwa na demensia ya kiwango cha chini au cha kati. Waliopewa mazoezi makali kwa miezi minne miili yao iliimarika. Akili haikuimarika, na kasi ya kushuka haikupungua. Kwa hiyo anayekuambia mpeleke mama yako jim atapona kusahau, anakuuzia kitu. Na hata zile takwimu nzuri za watu wenye afya zina kasoro moja: demensia huanza kimyakimya miaka mingi kabla ya kuonekana, na mmoja wa ishara zake za mapema ni mtu kupunguza kutoka na kutembea. Ukikuta wasiotembea ndio wanaosahau, inabidi uulize kipi kilianza.

Ushahidi ninaouamini zaidi ni ule wa kuunganisha mambo. Nchini Finland, utafiti uliotangazwa mwaka 2015 ukiongozwa na Miia Kivipelto uliwafuata watu zaidi ya 1,200 wa miaka 60 hadi 77 kwa miaka miwili. Mazoezi, chakula, kushughulisha akili na kudhibiti presha na sukari viliwekwa pamoja, na kundi hilo lilifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya akili kuliko lililopewa ushauri wa kawaida. Nayo kamisheni ya jarida la Lancet ilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya demensia duniani inahusiana na mambo 14 yanayoweza kubadilishwa. Kutofanya mazoezi na kisukari yamo. Yamo pia presha, kutosikia vizuri, upweke, elimu kidogo utotoni, lehemu mbaya na hewa chafu. Yaani kumpatia babu kifaa cha kusikia nako ni kuutunza ubongo wake.

Basi ule umetaboli "unaolala" ukifika 30? Jibu lake lilipatikana kwa sehemu hapa nchini, si mbali na sisi. Wahadzabe wanaishi kuzunguka Ziwa Eyasi, upande wa kaskazini wa Singida. Wanawinda, wanachimba mizizi, wanarina asali, na wanatembea sana. Mtafiti Mmarekani Herman Pontzer na wenzake waliwanywesha watu wazima 30 wa jamii hiyo maji yenye hidrojeni na oksijeni zilizo nzito kidogo kuliko za kawaida, zisizo na madhara, kisha wakafuatilia kwenye mkojo kwa siku 11 jinsi zinavyotoka. Tofauti ya kasi ya kutoka kwa hizo mbili inaonyesha mwili umetengeneza kaboni dioksaidi kiasi gani, na hivyo umetumia nguvu kiasi gani. Majibu yaliyochapishwa mwaka 2012 yalishangaza: ukizingatia ukubwa wa mwili, Mhadzabe anatumia nguvu kwa siku sawasawa na karani wa Marekani anayeshinda kitini.

Inakuwaje? Pontzer anaeleza kwamba mwili una bajeti. Ukitumia zaidi kwenye kutembea, unabana kwingine, ikiwemo kwenye uvimbe wa ndani unaoletwa na kinga ya mwili bila faida na kwenye homoni za msongo. Hilo bado linabishaniwa, lakini likiwa kweli linaeleza mambo mawili kwa mpigo: kwa nini jogingi peke yake haipunguzi uzito sana, na kwa nini inaleta afya hata kwa asiyepungua kilo moja. Wahadzabe haohao walipopimwa na timu ya David Raichlen, walikutwa na zaidi ya saa mbili kwa siku za shughuli za kutoa jasho, na dalili chache mno za hatari ya ugonjwa wa moyo. Cha kuchekesha, walipumzika jumla ya karibu saa 10 kwa siku wakiwa macho, muda unaolingana na wa watu wa ofisini. Tofauti ni kwamba mara nyingi wao hupumzika kwa kuchuchumaa au kupiga magoti, na mtu aliyechuchumaa misuli yake ya miguu bado iko kazini.

Mwaka 2021 Pontzer na wenzake wakakusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,400, kuanzia watoto wachanga hadi wazee wa miaka 95. Ukilinganisha kwa ukubwa wa mwili, umetaboli hausogei kati ya miaka 20 na 60. Baada ya hapo unashuka polepole, kama asilimia 0.7 kwa mwaka. Kitambi cha miaka 35 kina maelezo mengine: kiti, gari, sahani, bia, usingizi mchache na misuli inayopungua kwa kutotumika.

Dodoma ni mahali pazuri pa kuliona hilo, kwa sababu mji umebadilika mbele ya macho yetu. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia hapa mwaka 2016, maelfu ya watu wanaamka Ipagala au Nkuhungu, wanapanda gari hadi ofisi za serikali Mtumba, wanakaa, wanaagiza chipsi mayai na soda, wanakaa tena, wanarudi. Ng'ambo tu ya mji, Chamwino au Bahi, mama wa rika lao amepalilia uwele, ametwanga, amebeba ndoo, na jioni kwenye sherehe anapiga ngoma ya muheme akiwa ameibana magotini huku mwili mzima ukicheza. Huyo hahitaji mtu wa kumwambia habari za kutembea hatua 10,000 kwa siku. Anahitaji kupimwa presha.

Na yule anayesema mambo ya demensia ni ya Wazungu: utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta hali hiyo kwa asilimia 6.4 ya wazee wa miaka 70 na zaidi. Tunao majumbani. Tunawaita wamechanganyikiwa, au tunasema uzee umewaingia. Kibaya zaidi, bibi anayetoka usiku na kupotea njia hadi kwenye boma la jirani anaweza kuitwa mchawi, na nchi hii inajua wazee wamefanywa nini kwa neno hilo.

Kwa anayetaka kuanza, Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, ile unayoweza kuongea lakini huwezi kuimba, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Kama muda ni mdogo, dakika 10 za kutembea baada ya mlo zinaonekana wazi kwenye kipimo cha sukari. Koti la mvua liache nyumbani: jasho ni maji na chumvi, na kwa jua letu la Oktoba utaanguka kabla mafuta hayajajua kuna mbio. Anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi aongee kwanza na kliniki yake, maana msuli unavuta sukari na dawa nayo inashusha, na sukari ikishuka mno mtu anazimia. Awe na pipi mfukoni, na akague nyayo kila akivua viatu.

Kuhusu mzee anayesahau, jambo la kwanza ni kutomwachia uzee jukumu lote. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, sonona, maambukizi, sukari kushuka mara kwa mara, hata baadhi ya dawa, vyote vinaweza kuvuruga kumbukumbu, na vingi vinatibika. Hapa kwetu jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, limegeuzwa utani, kiasi kwamba familia inaona aibu kutamka "akili" mbele ya daktari. Anzeni basi na hospitali ya kawaida, kitengo cha magonjwa ya ndani. Aende na mtu anayeishi naye, kwa kuwa mwenyewe atasema yuko sawa. Bebeni dawa zote anazotumia, za hospitali na za mitishamba, kwenye mfuko mmoja. Andikeni lini mlianza kuona tofauti, na ilianzia wapi: majina, njia, hela au chakula jikoni.